Tupeane uzoefu: redio ya sebuleni inayokwaruza ikipenda, ikipenda inanyamaza

Mzee wa Deki (Jambiani)
Assalaam aleikum wenzangu. Aliyesumbuliwa na mkwaruzo wa kuja na kuondoka aseme aliupataje. Naanza mie.

Nina amplifaya ya zamani na spika mbili kubwa, za kusikilizia taarab jioni. Ya kushoto, ile ya dirishani, ikikwaruza kama mtu anakaanga dagaa, dakika mbili, kisha kimya. Fundi mmoja akasema kapasita, vile vikopo vya ndani vinavyotunza umeme, zimechoka, akazibadilisha, elfu arubaini zikanitoka. Siku ya kwanza kimya. Ya pili, dagaa wamerudi kikaangoni.

Nikaanza kutafuta mwenyewe. Nyuma ya amplifaya nikabadilisha waya, wa kulia nikautia kushoto, wa kushoto kulia. Mkwaruzo ungehamia spika ya pili, ubovu ungekuwa kwenye amplifaya au deki. Haukuhama. Nikabadilisha spika zenyewe: ile nzima nikaiweka dirishani, nayo ikaanza kukwaruza. Basi, waya.

Lakini mbona siku nyengine hausikiki? Nikakaa jamvini nikangoja. Kusi likavuma, pazia likajaa upepo, upindo wake ukaupapasa waya: kraa! Dirisha langu linatazama bahari. Nikauambua mpira, shaba ndani imeota ukoga wa kijani, nyuzi karibu zote zimekatika, zimebaki tatu zinagusana kwa bahati. Nikakata shubiri nzima mpaka nikakuta shaba inayong'aa, nikafunga upya. Huu mwaka wa pili kimya.

Bi Mkarafuu (Wete)
Kaka, yangu haikuwa waya. Ukigusa kitufe cha sauti inachacharika, saa nyengine upande mmoja unapotea kabisa. Nyumba yetu hufukizwa udi kila Ijumaa na redio iko palepale juu ya kabati, moshi wote unaingia humo. Mie nikatia mafuta ya cherehani. Msijaribu! Yalishika vumbi, wiki mbili hali mbaya kuliko mwanzo. Mwanangu akaja na kopo la dawa ya kusafishia kontakti, akachomoa umeme, akafungua, akapuliza ndani ya kile kitufe, akakizungusha mwanzo mpaka mwisho kama mara thelathini. Ikatulia.

Kijana wa Fuoni
Kwangu ni "tak" moja tu, kila baada ya muda. Kumbe ndipo friji inapoanza kunguruma. Vyote vilikuwa ekstensheni moja. Nimehamishia redio soketi ya ukuta wa pili, imepungua, haijaisha.

Shoga wa Mkoani
Mie ilikuwa simu yangu tu, naiweka juu ya amplifaya. Kabla haijalia spika zinaanza dididi-dididi. Nimeihamisha, basi.

Fundi Risasi (Chake)
Niwatetee mafundi kidogo. Mnatuletea amplifaya tupu, baridi, mkwaruzo hausikiki, mnataka tuone nini? Ileteni na waya zake, mseme inakwaruza saa ngapi. Ikianza baada ya nusu saa, ikishapata moto, mimi hutafuta kiungo cha risasi, ile ya kuchomelea, kilichopasuka: kikipata joto kinatanuka, kinaachia. Naiacha iwake mpaka ikwaruze, kisha nagongagonga ile sahani ya ndani iliyoshika viungo kwa kijiti kikavu, taratibu, mpaka inaposhtuka. Hapo narudishia risasi mpya. Asiyejua asifungue, zile kapasita kubwa hubaki na umeme hata ukishachomoa plagi.

Na Mzee wa Deki, hiyo elfu arubaini haikuja kwangu, ingekuja ningeikumbuka.

Mzee wa Deki (Jambiani)
Haha, si wewe fundi. Ila sikupeleka waya, hilo nakiri. Bi Mkarafuu, hilo kopo mlilipata wapi? Huku wameniuzia la kulainishia kufuli, na kitufe changu nacho kimeanza.

Bi Mkarafuu (Wete)
Chake, duka la spea za redio. Hilo la kufuli weka kwa ajili ya mlango.