Pangani kabla ya mkonge

Swali: Ndugu zangu, marehemu babu alizoea kuitaja miwa ya Pangani. Je, mji wetu uliwahi kutegemea sukari?

Jibu: Naam. Katika karne ya 19 mashamba ya miwa yalitanda kandokando ya mto, yakilimwa na watumwa, jambo ambalo tunaposifia majumba ya kale huwa tunalipitia juujuu.

Jibu: Naongezea kwamba mkonge ulifika mwaka 1893, mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, Richard Hindorf, alipoagiza miche kutoka Florida, na iliyosalimika, 62 tu, ikapandwa Kikogwe, ng'ambo ya mto. Tarehe 15 Desemba 1889 Wajerumani walikuwa wamekwisha kumnyonga Bushiri bin Salim, kiongozi wa upinzani wa pwani dhidi yao, papa hapa Pangani.

Muulizaji: Ahsanteni sana. Kumbe ni Kikogwe hii hii ya upande wa Bweni, tunakovukia kwa pantoni!