Tupeane uzoefu: unalala vipi na unalalia mto gani? Mimi shingo ndo imenifundisha

Mleta mada

Wakuu habari za usiku. Nimekaa kitako kitandani saa 8 hii, msidhani nina mawazo, ni shingo tu. Sasa hivi inaelekea kupoa lakini toka mwaka jana mwezi wa tano nimeipata.

Iko hivi. Tulivyooana wife alitoka na mito pea 3 kwenye kichen pati, imenona utadhani imewekwa hamira. Mimi nikaona huu ndo utajiri, nikawa naweka miwili kichwani. Baada ya muda naamka asubuhi shingo imegoma, mtu akiniita barabarani nageuka mwili mzima kama roboti. Nikasingizia kazi ya kompyuta nikabadilisha kiti, wapi. Nikameza dawa za maumivu mpaka tumbo nalo likaanza kulalamika. Nikapiga eksirei, pingili zote 7 za shingo zipo kwenye mstari, hela imeenda. Mwisho nikapelekwa kwa mtu wa fiziotherapia, binti mdogo tu, hata hajanigusa akaniuliza "kaka unalalaje, na mto wako ukoje?" Nikacheka. Akanilaza chali, akakunja shuka akaniwekea chini ya shingo, akasema angalia, hapa kidevu hakijaelekea kifuani. Ukiweka ile mito yako miwili unakua kama mtu anayesoma meseji usiku kucha.

Daah. Nikarudi nyumbani nikatoa mmoja, baada ya wiki kama mbili nikaanza kugeuka kama binadamu. Shida ikahamia kwa wife, yeye analala ubavu, akaniiga akabaki na mmoja, wiki ya kwanza tu analia bega. Ndo nikashtuka kwamba hivi vitu tunauziwa pea kama viatu, wakati viatu vinavaliwa na mtu mmoja na mito inalaliwa na watu wawili ambao hawafanani.

Tupeane uzoefu wakuu. Unalala chali, ubavu au kifudifudi, mto wako wa nini, godoro lako likoje, na umehangaika muda gani mpaka kupata wa kwako.

Mdau wa pili

Mto bora ni kifua cha mke. Nipo pale nimekaa nasubiri watu wenye hela ya fiziotherapia.

Bonge wa Uyole

Mkuu hapo juu acha utani, kifua cha mke kinakufaa dakika 10, baada ya hapo mkono wake unakufa ganzi anakusukuma.

Mimi kilo 112, mabega kama mlango wa gereji, nalala ubavu toka utotoni. Kwa mtu wa ubavu kinachotakiwa ni ule mwanya kati ya sikio na godoro ujae, basi. Ukiwa mwembamba mwanya ni mdogo, ukiwa na bega kama langu mwanya ni mkubwa, mto wa kawaida unakua kama karatasi, kichwa kinaning'inia, ndo maana unajikuta umeingiza mkono chini ya mto bila kujua. Mtu yeyote anayelala ubavu na anaingiza mkono chini ya mto huyo mto wake ni mfupi, hata usibishe. Na ule mkono ndo unaamka hauna hisia unautafuta kama wa mtu mwingine.

Kupima ni rahisi, simama uegemeze bega ukutani, uangalie mbele, mwenzio apime toka ukutani mpaka sikioni. Hicho ndo kimo cha mto UKISHALALIWA, usipime ukiwa dukani umevimba.

Ila kuna kitu kilinipiga chenga. Nilipata mto wangu safi kabisa, nikalala vizuri kama mwaka. Nikanunua godoro jipya gumu, inchi 8, nikaanza upya kuumwa na mto ni uleule. Kumbe godoro la zamani lilikua limechoka, bega linazama, kwahiyo mwanya unapungua. Hili jipya bega halizami, mwanya umerudi. Nikakunja taulo nikaliingiza ndani ya foronya chini ya mto, mpaka leo liko humo. Kwahiyo kabla ya kutupa mto angalia kwanza umebadilisha nini kingine.

Mrs Kifudifudi

Mimi mnanionea maana hakuna dukani anayeuza mto wa mtu wa tumbo. Yote minene. Nilizoea boding, kitanda cha juu, blanketi usoni, mto ni nguo zimefungwa kwenye kanga. Sasa hivi nina miaka 34 ukinilaza chali naangalia dari mpaka adhana.

Shida ya kulalia tumbo ni kwamba lazima shingo uipindishe upande mmoja ili upumue, ukiongeza na mto mnene inapinda na kukunjika kwa nyuma kwa wakati mmoja. Nilichofanya nilichukua mto wa zamani una zipu, nikatoa sponji zaidi ya nusu ukabaki kama chapati. Halafu (hii nilifundishwa) ule mwembamba mwingine nauweka chini ya kinena, kiuno hakidumbukii, asubuhi naamka mgongo mwepesi. Kuna siku silalii kitu kabisa kichwani na naona poa tu.

Halafu wanaume hamwezi kuelewa, siku umetoka kusuka rasta mbichi hata mto wa malaika ni adhabu. Siku 2 za kwanza ni kulala kwa vipande.

Mwana wa Tanga

Naona wote mwazungumza sponji na faiba, mie nimelelewa na mto wa sufi. Kwa bibi kulikuwa na msufi nyuma ya banda, kiangazi matunda yakikauka yanapasuka, uwanja mzima mweupe. Kazi yetu watoto kuokota, kuchambua mbegu, mapua yamejaa manyoya twapiga chafya. Bibi anashona mfuko kwa kitambaa cha marekani kizito maana kitambaa chepesi sufi yapenya yatoka, ukiamka kope nyeupe kama umeota mvi. Anajaza si sana si kidogo, afunga.

Sasa uzuri wake. Sufi ni nyepesi na haishiki maji upesi, zamani hata majaketi ya kujiokolea melini yalijazwa sufi. Joto la pwani haliishindi, kichwa chapumua. Na kwa mtu wa chali hakuna kama huo, wabonyeza katikati kwa ngumi wafanya kishimo cha kisogo, pembeni panabaki na kinundu chashika shingo. Ndiyo hiyo hiyo muuzwayo sasa mto wenye shimo bei mbaya!

Ubaya nao niseme. Yashikana madonge, kila wiki lazima uanike juani na uupige piga. Baada ya miaka michache yalala chini haiamki tena, waongeza mpya. Moto yaupenda mno, usilale na mshumaa wala udi karibu ya mchago. Na mwanangu mwenye pumu haukumfaa, vumbi lile, tukampa wa sponji wenye foronya mbili, twafua kwa maji ya moto kila wiki. Nami kulala kwangu ni ubavu wa kulia kama tulivyofunzwa madrasa, huwa naanza huko, nikiamka nikoje Mungu ndiye ajuaye.

Mama wawili

Dada wa kifudifudi hapo juu, subiri ushike mimba utalala ubavu utake usitake. Mimi kliniki waliniambia kuanzia wiki ya 28 nilale ubavu, sio chali, maana tumbo likiwa kubwa ukilala chali linakandamiza mshipa mkubwa wa damu. Kulia au kushoto sawa tu, ila niliambiwa nikishtuka nimelala chali nisipanik, nigeuke tu niendelee.

Nikaona mtandaoni ile mito mirefu inakuzunguka kama chatu, bei yake nikasema hapana. Nikachukua mito mitatu ya kawaida. Mmoja kichwani, mmoja katikati ya magoti mpaka kwenye vifundo (sio magotini tu, mguu wa chini ukiachwa unaning'inia nyonga inavuta), mmoja mgongoni nyuma ili nisijigeuze. Kitanda ni 5 kwa 6, baba watoto akabakiwa na ukanda kama wa kuegesha bodaboda. Alihamia sebuleni mwenyewe bila kufukuzwa.

Na mtoto alipozaliwa mama mkwe akaja na kimto kidogo kashona, eti kichwa kiwe mviringo. Nesi alishanikataza, mtoto chini ya mwaka halali na mto, analazwa chali kwenye kitu kigumu kilicho flati, bila mito wala blanketi za kumfunika uso, anaweza kukosa hewa. Kumwambia mama mkwe hilo sasa... nilikipokea kwa mikono miwili nikamshukuru, nikakiweka kabatini. Kipo mpaka leo, wa pili nae hakukilalia, vichwa vyao viko sawa kabisa.

Wa Limuru

Niaje watu wa TZ. Mimi niko Kenya, nilinunua ile ya memori fomu (sponji yenye inafuata shepu ya kichwa) Eastleigh juu kila mtu alikua anaisifu, eti ilianzia kwa watu wa NASA, wale wa anga za juu Marekani, miaka ya 60 wakitafuta kitu cha viti vya ndege. Sawa. Lakini hakuna mwenye aliniambia hiyo kitu inategemea joto. Huku kwetu Julai baridi ni ile ya kukufunga meno, unaenda kulala mto umekua tofali. Unauwekea kichwa, unangoja dakika kama kumi ndio ulegee. Nikaipelekea sista yangu Mombasa, yeye naye akalia kinyume, inalegea mpaka kichwa kinazama na inashika joto anaamka shingo imelowa jasho. Sasa iko kwa kiti cha gari.

Usiifue kwa mashine pia. Mimi niliifua, ikakunywa maji yote ya mtaa, ikakaa kwa kamba siku nne na ikaanza kunuka.

Mgonjwa wa kiungulia

Naomba kuchangia kwa wenye tatizo la asidi kupanda usiku. Nilikua naweka mito mitatu nilale nimeinuka. Kosa kubwa! Mito inainua kichwa tu, kiuno kinakunjika, tumbo linabanwa, asidi ndo inapanda vizuri zaidi na shingo juu yake. Dokta akasema inua kitanda sio kichwa. Fundi akanikatia vipande viwili vya mbao vya sentimita 15, nimeweka chini ya miguu ya kitanda upande wa kichwani, mto nikarudisha mmoja, na nikilala naanza ubavu wa kushoto. Wiki ya kwanza nilikua nateleza kuelekea miguuni, unazoea.

Dereva wa semi

Nyie mna vitanda mnalalamika. Mimi njia yangu Dar Lubumbashi, foleni ya Tunduma nalala kwenye kabini siku mbili tatu, godoro la inchi 3, mto ulikua jaketi. Zipu ya jaketi imenichora shavuni kama kabila.

Kuhusu ile mito ya shingo ya safarini, mnaivaa vibaya. Mtu anaweka unene wote nyuma, kichwa kinasukumwa mbele, akisinzia kidevu kinadondoka. Geuza, unene uje mbele chini ya kidevu au ubavuni unakolalia. Abiria wa mabasi ya usiku jaribuni mtanishukuru.

Swali langu, huu wa sponji za vipande vipande, ule una mawemawe, nao mnauonaje? Ndo ninaoweza.

Bonge wa Uyole

Dereva, huo ndo mzuri kwa mtu wa bajeti, tatizo watu hawaufungui. Tafuta wenye zipu, kama hauna fumua mshono upande mmoja. Toa yale madonge magumu, chambua kwa mkono, punguza mpaka kimo kikae, shona. Usinunue umejaa kama gunia la mahindi ukadhani umepata faida.

Na kujua kama mto umekufa ukunje katikati uuachie. Ukirudi wenyewe bado mzima. Ukibaki umekunjika unakuangalia, zika.

Mrs Kifudifudi

"Unakuangalia" 😂😂 wangu nimeukunja sasa hivi, unaniangalia.

Mleta mada

Wakuu nimerudi na mrejesho, shukrani sana. Wife nimempima ukutani kama Bonge alivyoelekeza, tumemuongezea taulo, jana hakulalamika bega.

Sasa mimi. Nilikua najisifu kwake mimi ni mtu wa chali, nina mto wangu wa chali, nimemaliza. Akanyamaza. Leo alfajiri kaniamsha ananionyesha simu, kanipiga picha saa 10. Nimelala ubavu, magoti yamefika kifuani, mkono wote uko chini ya mto mpaka kwenye kiwiko, mdomo wazi. Anasema kila siku niko hivyo toka tuoane, chali ni dakika 20 za mwanzo wakati naangalia simu.

Kwahiyo mwaka mzima nimenunua mto wa mtu ambaye sio mimi. Jumamosi naenda Kariakoo na rula. Halafu ile picha kashaituma kwenye grupu la familia.