"MAMA YAKO"?! Yule wa sindano za macho Nyali leo atanitambua

Niko ndani ya tuktuk narudi Tudor, mikono yatetemeka, makosa ya herufi mnisamehe. Mnamjua yule wa Nyali, sina haja ya kumtaja. Mlango wa kioo, kochi jeupe, ukikaa unaogopa hata kupumua.

Wiki tatu zilizopita nilimpelekea elfu 25 zangu aniondolee weusi chini ya macho. Akanambia ni sindano ya samaki, dawa yenyewe inatolewa kwenye shahawa za samoni, eti ngozi itajijenga. Nikasema bismillahi. Akanipaka ganzi, akanidunga, nikarudi nyumbani na vivimbe kama nimelala bila chandarua. Haya. Lakini vivimbe vimehamia kabisa, bado kulipa kodi tu. Weusi uko palepale, na juu yake pameota mfuko wa buluu. Na Jumamosi ni kupamba kwa binamu yangu!

Leo nikaenda kudai changu. Nikaandamana na dada yangu. Dada MKUBWA. Kanipita miaka 9, ana mjukuu. Yule mtu hata hakunitazama usoni. Kamgeukia dada: "Mwambie mama yako awe na subira."

MAMA YAKO.

Mimi wa 1991 nimzae mtu wa 1982! Nimelipa nipunguziwe miaka, nimerudishwa na mtoto, mjukuu na kitukuu. Na dada, badala ya kunitetea, akaitika, "Haya, nitamwambia." NITAMWAMBIA! Wallahi ganzi ya siku ile ningeipata leo ningejipaka moyoni.

Mvuvi_Kibokoni: Mombasa yote hii bahari, wewe walipia samaki wa nchi za baridi. Ungekuja kwangu ningekupa changu, na kichwa ukasugue macho bure.

HaluaMoto: Shikamoo mama.

Mwenye uzi: Usinianze.

PwezaMkavu: Mama hajaitikia marahaba. Labda na masikio yamezeeka.

Nesi_wa_Zamu: Dada, nisikize. Vivimbe vya samoni kwa kawaida hushuka siku moja, mbili. Wiki tatu na buluu juu yake, mimi nashuku ulijazwa jeli, asidi ya haialuroniki. Ngozi ya hapo ni nyembamba, jeli ikikaa juujuu huonyesha buluu. Ipo dawa ya kuiyeyusha, lakini adunge daktari wa kweli. Muulize alikudunga nini hasa, na jina lake ulitafute kwenye orodha ya KMPDC, baraza la madaktari wa Kenya. Si mchezo, jeli ikiingia mshipa wa damu yaweza kupofua jicho.

Mwenye uzi: Ahsante. Lakini umefika pale aliposema MAMA YAKO?

Kaimati3: Sisi kwetu weusi wa macho ni wa kurithi. Babu, baba, mimi, mpaka paka. Hatujadungwa na tumeolewa.

PwezaMkavu: Paka kaolewa na nani?

Bi_Piko_Aliyechomwa: Nyinyi mwalia na macho! Mimi yule mchoraji wa piko wa Mwembe Tayari, mnamjua, kanichanganyia dawa ya nywele nyeusi. Malengelenge yametoka kwa muundo uleule wa maua, na majani yake. Nikamwuliza, akanambia "rangi imeshika vizuri."

Kaimati3: Huyo wa kiti cha plastiki kilichovunjika mguu? Shangazi yangu ana alama yake mpaka leo.

Mvuvi_Kibokoni: Afadhali nyinyi mmehudumiwa. Kuna fundi karibu na Marikiti ana kitambaa cha kanzu yangu tangu Rajabu. Kila nikienda, "bado vifungo tu."

HaluaMoto: Mwenye redio inayokoroma? Ana kitambaa cha mke wangu! Juzi nimemwona jirani yake kavaa rangi ileile.

Mwenye uzi: Ngojeni. Redio imefungwa kwa raba nyekundu?

HaluaMoto: Naam.

Mwenye uzi: Gauni langu la Jumamosi liko kwake. Dereva, geuza.