Popo wamejaa darini, niwatoeje?

Wakuu naombeni ushauri, darini kwangu popo wamejazana, giza likiingia wanachomoka kwenye upenyo wa paa na kinyesi kimerundikana juu ya silingi bodi. Nimesoma Nipah (virusi hatari vinavyoua watu) ilitoka kwa popo ikapitia nguruwe ndo ikafika kwa watu, Malaysia 1998, ila wale ni popo wa matunda, hawa wangu wadogo wala wadudu sijui niogope kiasi gani. Fundi anataka apulizie dawa wafe, mi nasita maana utafiti wa Hendra (virusi vingine vya popo) kule Australia ulionyesha popo wakikosa makazi na chakula virusi ndo vinaruka zaidi kwenda kwa wanyama wengine. Nizibe tundu wakishatoka usiku? Vipi kama kuna watoto wa popo ndani? Na kinyesi nikitoeje bila kuvuta vumbi, barakoa ya kawaida inatosha?