Naomba ushauri: UE (mtihani wa chuo wa mwisho wa muhula) imebaki wiki mbili, kozi waki (alama za kazi na majaribio ya muhula) nina 17
Habari zenu wakuu. Niko mwaka wa pili, nasoma uhasibu hapa Dodoma. Jana usiku nimefungua daftari la takwimu. Kurasa za mwanzo mwandiko umenyooka, mistari nimepiga kwa rula. Kuanzia wiki ya sita kuna tarehe tu, chini yake patupu. Ndipo nilipoanza kushinda stesheneri kwenye kibarua cha kutoa kopi kazi za wenzangu, maana boom (hela ya mkopo wa chuo) karibu lote nilimtumia mama alipolazwa. Hilo sijutii hata kidogo.

Kozi waki nimepata 17 kati ya 40. Ili nifikishe 40 kati ya 100 ya kufaulu, UE inanidai 23 kati ya 60. Inawezekana, ila regresheni (mada ya takwimu ya kukadiria kitu kimoja kwa kutumia kingine) sijaishika kabisa, na sapu (mtihani wa marudio) itanila likizo ambayo ndiyo natafutia hela.

Je, niache kazi wiki hizi mbili, hata kama kula kutakuwa kwa kubahatisha? Mliowahi kupita hapa, mlianza na pasti pepa (mitihani ya miaka iliyopita) au noti? Mwalimu wa somo ni mpole, lakini naona aibu kumfuata sasa hivi. Nisaidieni, kaka na dada zangu.