Mwenye lori akaze breki mwenyewe, au kila kitu kipelekwe gereji?

Tandamu: Wakuu, habari za safari. Nina Scania 124 na trela lake, nashusha mbolea Tunduma na kurudi Dar na mahindi, na usukani naushika mwenyewe. Kukaza breki, kubadili bushi, kufumua springi, yote nafanya na utingo wangu pembeni ya nyumba. Juzi ndugu yangu mmoja ameniambia serikali ipige marufuku: asiye na cheti cha ufundi asiguse breki za gari kubwa, hata kama gari ni lake. Nimemkatalia. Mnasemaje?

Mzee wa Kitonga: Huyo ndugu yako hajawahi kulala Ruaha Mbuyuni gari limejifunga. Upepo umevuja wote, springi za busta, yale makopo ya upepo yanayosukuma breki, zimekamata tairi, huendi mbele wala hurudi nyuma, na fundi mwenye cheti yuko Iringa, juu ya mlima. Utafanya nini, utakaa ununue vitunguu mpaka kukuche? Nina miaka 26 barabarani. Dereva asiyejua kukaza slaki, ule mkono wa kurekebishia breki, ni abiria aliyeshikishwa usukani.

Mwenye Mali: Mimi nina gari nne na dereva wangu haruhusiwi kugusa hata nati. Ukimfundisha dereva kufungua kila kitu, umemfundisha kunyonya mafuta. Gari linatoka na tairi mpya, linarudi na vipara. Gereji tu, na risiti niione.

Mzee wa Kitonga: Futa hiyo kauli, bwana. Hapa tunazungumza breki, wewe umetuita wezi.

Tandamu: Mkuu, mimi dereva na mwenye gari ni mtu mmoja. Namnyonyea nani?

Mwenye Mali: Sijamtaja mtu. Ila Dar mpaka Tunduma ni kilomita 900 na ushee, nimeendesha mwenyewe na najua gari linakunywa kiasi gani. Hesabu za madereva hazijawahi kufanana na zangu hata safari moja.

Dada Spea Makambako: Shikamooni wakubwa. Nauza spea hapa kituoni, na nasikia simu zote zinazopigwa mbele ya kaunta yangu. Dereva anaomba laini nzuri za breki, zile zinazosugua ngoma, bosi upande wa pili anamwambia achukue ile ya bei ya chini, nyingine safari ijayo. Safari ijayo ikifika, jibu ni lile lile. Kwa hiyo mwenye mali asije hapa kusafishwa na risiti.

Mwenye Mali: Dada, pesa ni yangu.

Dada Spea Makambako: Na mteremko ni wa watu wote, kaka.

Fundi wa Upepo: Naomba turudi kwenye swali. Mimi nimesoma VETA na ninafanya kazi ya breki za upepo tu. Kukaza slaki ni kazi ya dereva, sina ubishi. Weka kabari, jaza upepo, achia breki ya kuegesha, kaza mpaka laini iguse ngoma, kisha rudisha robo mpaka nusu mzunguko. Lakini slaki za kujikaza zenyewe ni habari nyingine. Ukiona unazikaza kwa mkono kila wiki, ugonjwa uko kwingine: kamu inayotanua breki imelegea au bushi zake zimekwisha, na wewe unauficha. Halafu busta za nyuma. Ile bangili ya upande wa springi USIIFUNGUE. Ndani kuna springi nzito iliyobanwa, ikiachiwa inatoka kama risasi. Hiyo haitaki ujasiri wa mtu, cheti au hakuna cheti. Inabadilishwa nzima.

Tandamu: Fundi, kwani mimi sijui kuweka kabari? Mbona unaniandikia kama mtoto wa shule?

Fundi wa Upepo: Sikukuandikia wewe peke yako, ndugu yangu. Wanasoma wengi.

Kijana wa Mzani: Mnabishana breki wakati zinauawa na uzito. Mtu anaongeza majani mawili ya springi, gari halikai chini tena, anadhani limepata nguvu ya kubeba. Ngoma ya breki ni ile ile, ekseli ile ile. Sheria ya Afrika Mashariki ya 2016 inasema tani 56, ukizidisha unakutana na watu wa mzani Vigwaza.

Tandamu: Tani 56 ni gari la ekseli saba, usiwachanganye watu. Zikipungua ekseli na tani zinapungua.

Kijana wa Mzani: Sawa, hapo umenisahihisha. Springi je, uliongeza au hukuongeza?

Tandamu: Niliongeza moja, kwa sababu ya mashimo. Sizidishi mzigo.

Mzee wa Kitonga: Na mzigo ukizidi, nani aliupanga? Dereva anapewa karatasi gari limeshajaa na turubai limefungwa. Likiharibika njiani siku tatu, posho ni ya siku moja. Breki zikiisha jina linaloandikwa polisi ni la dereva. Halafu tunaitwa wezi wa mafuta.

Mwenye Mali: Posho ya kuharibikiwa mimi nalipa. Usiniweke kapu moja na wengine.

Mzee wa Kitonga: Umeona inavyouma kuwekwa kapu moja?

Tandamu: Fundi, nisamehe kwa ukali wa mwanzo. Gari likijifunga kama alivyosema Mzee, na busta haifunguliwi, linasogezwaje?

Fundi wa Upepo: Hamna neno. Busta huja na bolti yake ndefu, aghalabu imehifadhiwa ubavuni mwake. Kabari kwanza. Toa kizibo cha nyuma, ingiza bolti, izungushe robo ishike, kaza nati: springi inarudi nyuma na tairi linaachia. Kumbuka tairi hilo sasa halina breki ya kuegesha. Unalisogeza mahali salama, huendi nalo mlimani.

Tandamu: Bolti zangu zote mbili hazipo, gari nililinunua hivyo. Dada, unazo?

Dada Spea Makambako: Ninazo. Piga picha busta yako uje nayo, zinatofautiana urefu.

Mzee wa Kitonga: Mwenye Mali, bado nasubiri ufute ile kauli.