Kima kipya cha mshahara: kumgeuza mfanyakazi kuwa deiwaka (kibarua wa siku) sio dawa, tujadili

Wakuu habari za mihangaiko. Kuna jambo linanikera na naona linazidi kukua hapa Dar kwahiyo naomba tulijadili bila matusi.

Oktoba 2025 serikali ilitangaza kima cha chini cha sekta binafsi kinapanda kwa wastani kutoka shilingi 275,060 mpaka 358,322, kuanzia Januari 1, 2026. Kila sekta ina kiwango chake, kwahiyo soma amri ya mshahara inasemaje kwenye sekta yako. Mi kazi yangu ni kuandaa mishahara ya biashara ndogo ndogo, na tangu tangazo lile kila ninapokaa na mabosi, wa maduka Kariakoo, wa karakana Chang'ombe, wa migahawa Sinza, ushauri wanaopeana ni uleule: watoe watu kwenye orodha, wafanye deiwaka, walipe mkononi kila jioni, hamna mkataba, hamna NSSF (michango ya hifadhi ya jamii), umemaliza.

Hujamaliza chochote ndugu yangu. Umejichimbia shimo.

Sheria haiangalii wewe unamwita nani. Kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi Na. 7 ya 2004 kinasema mtu anachukuliwa kuwa mwajiriwa kama kipo hata kigezo kimoja kati ya vilivyotajwa pale, mfano unampangia namna ya kufanya kazi au muda wa kufanya kazi, unampa vifaa, anakutegemea wewe kiuchumi, au amekufanyia kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi kwa miezi mitatu iliyopita. Saa 45 kwa MWEZI jamani, hizo ni siku tano za saa tisa tisa. Huyo unayemwita deiwaka anakuja saa mbili asubuhi Jumatatu mpaka Jumamosi, kavaa fulana yenye jina la duka lako, mwaka wa pili huu. Huyo ni mwajiriwa wako.

Alafu watu wanadhani kukosa mkataba wa maandishi kunambana mfanyakazi. Ni kinyume kabisa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, kifungu cha 15, inamtaka mwajiri ndo atoe maelezo ya ajira kwa maandishi, na ukifika kwenye shauri huna hayo maandishi basi mzigo wa kuthibitisha makubaliano yalikuwaje unakuwa wa kwako. Nilimuona dogo mmoja wa godauni huku Tabata, kaambiwa kwa simu "kesho usije", bosi wake anasema hana karatasi ataenda kudai nini. Dogo akaenda CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi) ndani ya zile siku 30 za kulalamikia kuachishwa kazi, akajaza fomu, akapeleka miamala ya simu ya kila Jumamosi na meseji za WhatsApp anazopangiwa zamu. Bosi hakuwa na barua ya onyo hata moja, hakuwa na daftari la mahudhurio, hakuwa na cha kusema kabisa, ikabidi alipe kwenye usuluhishi.

Sasa nisikike vizuri, siwatetei wanaosema waajiri wote ni wanyonyaji. Mzigo upo na ni mzito. Chukua huo wastani wa 358,322, ongeza NSSF asilimia 10 ya mwajiri ambayo ni 35,832, ongeza WCF (mfuko wa fidia kwa wafanyakazi) asilimia 0.5 kama 1,792, mtu mmoja anakugharimu karibu 396,000 kabla hujalipa pango wala umeme. Ukifikisha wafanyakazi kumi unaingia na SDL (tozo ya kuendeleza ujuzi) asilimia 3.5, nyingine 12,541 kwa kila kichwa, ndo maana unakuta mtu ana wafanyakazi tisa miaka yote na hataki wa kumi. Hilo ni tatizo la kweli na serikali ilisikie.

Na kuna kitu sioni watu wakikisema. Kwenye 275,060 ukitoa NSSF ya mfanyakazi inabaki 247,554, iko chini ya 270,000 kwahiyo hakatwi PAYE (kodi ya mapato inayokatwa kwenye mshahara). Kwenye 358,322 inabaki 322,490, tayari anakatwa asilimia 8 ya kilichozidi, kama 4,199. Mtu wa wastani huo wa kima cha chini anaanza kulipa kodi ya mapato! Mi nasema hapo ndo waajiri na wafanyakazi wangeshikana mikono wapige kelele pamoja, ile 270,000 ipandishwe, na SDL ipungue tena. Hiyo ni vita ya haki. Kuwaficha watu sio vita ya haki.

Maana anayeumia ni nani? Sheria ya Marekebisho ya Sheria za Kazi Na. 1 ya 2025 imemwongezea likizo mama aliyejifungua njiti, mpaka zitimie zile wiki 40 za ujauzito. Watu walipigania hiyo miaka. Dada wa mgahawani uliyemfanya deiwaka ataipataje? Mtoto yuko kwenye joto la kifua hospitali na mama anawaza asipoenda kazini kesho hana hela ya kula. Mi hapo ndo nashindwa kabisa kuelewana na hao washauri.

Na kama shida yako ni kazi ya msimu au kazi imeongezeka kwa muda, marekebisho hayohayo yamepanua nafasi ya kutumia mkataba wa muda maalum, utumie. Karatasi mbili tu, tarehe ya kuanza, tarehe ya kuisha, kazi, mshahara, sahihi, kila mtu anabaki na nakala yake.

Anayeona deiwaka ni halali aje na kifungu, asije na "ndo biashara ilivyo". Na mabosi mlioanza kulipa kima kipya, mmepunguza watu au mmebana wapi? Wekeni hesabu zenu tuzione.